Bei ya Kiti: Tafakari juu ya Mikahawa Midogo ya Stockholm

Katika Kiswahili, neno mkahawa limezaliwa na kahawa, na ingawa siku hizi mtu anaweza kuingia mkahawani, akala wali kwa maharage na kutoka bila kugusa kahawa kabisa, jina limebaki kuwa ushahidi kwamba kinywaji ndicho kilichotangulia kuwakusanya watu, chakula kikafuata nyuma. Kiswidi nacho kina neno lililozaliwa na kahawa, ila kwa njia nyingine. Neno hilo ni fika, ambalo ni kitenzi na ni nomino kwa wakati mmoja, na maana yake ni kusimamisha shughuli ili kuketi na mwenzako kwa kikombe cha kahawa na kitafunwa. Hueleweka kuwa lilitokana na kaffi, tamko la zamani la mitaani la neno kahawa, ambalo silabi yake ya nyuma ililetwa mbele na ya mbele ikapelekwa nyuma, mchezo ambao vijana wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua vizuri kwa jina la kinyume. Kwamba matokeo ya kupindua huko yamelingana herufi kwa herufi na kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kuwasili ni sadfa tupu, wala hakuna undugu wowote baina ya maneno hayo mawili. Hata hivyo, Mswahili anayeliona neno hilo limeandikwa kwenye vioo vya maduka ya Stockholm ana haki ya kuuliza anakaribishwa kufika wapi hasa, na ni nani anayegharamia kufika kwake.

Swali la pili ndilo linalostahili kutafakariwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake kumefichika uchumi wote wa mkahawa mdogo wa kujitegemea, yaani duka moja au mawili ambayo mwenyewe hufungua mlango asubuhi, husimama kaunta na kuwajua wateja kwa sura, tofauti na tawi la kampuni ambayo makao yake yako mbali. Kahawa kama kinywaji haimlazimishi mtu kutoka nyumbani, kwani karibu kila jiko la Uswidi lina chombo cha kuchujia kahawa, na Waswidi wamo miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa duniani, jirani zao Wafini wakiwa mbele yao. Anayetoka nyumbani kwake penye kahawa ya bei nafuu na kwenda kulipa mara nyingi zaidi kwa kinywaji kilekile amefuata kitu kingine, nacho ni nafasi ya kukaa miongoni mwa watu bila kudaiwa sababu. Mwanasosholojia wa Marekani Ray Oldenburg, katika kitabu alichokitoa mwaka 1989, alipaita mahali pa namna hiyo mahali pa tatu, kwa maana kwamba pa kwanza ni nyumbani, pa pili ni kazini, na pa tatu ni pale ambapo mtu si baba wala karani, bali ni mmoja wa waliopo.

Watawala walilitambua jambo hilo mapema kuliko wanasosholojia. Makka iliwahi kupiga marufuku kahawa mwaka 1511, mfalme Charles II wa Uingereza akajaribu kufunga nyumba za kahawa za London mwaka 1675, na Uswidi ikatoa marufuku yake mwaka 1756, ikaiondoa, ikairudisha, na kuendelea hivyo mara kadhaa mpaka miaka ya 1820. Sababu za Uswidi zilikuwa za kifedha kwa sehemu kubwa, kwani buni, yaani kahawa mbichi, ilitoka ng'ambo na kuchukua fedha za nchi, na pia zilitokana na mivutano ya matabaka kuhusu starehe ya nani iruhusiwe na ya nani izuiwe. Katika habari zote hizo, hata hivyo, kuna uzi mmoja: kinywaji kinachowafanya watu wakae pamoja wakiwa macho na timamu humtia shaka yeyote anayetaka watu wanyamaze. Marufuku zilishindwa, na mambo yakageuka kabisa pale sheria ya mwaka 1855 ilipozuia kila kaya kujipikia pombe kali, kwa kuwa kahawa ilipanda ikachukua nafasi iliyoachwa wazi, na waliopigania kiasi katika unywaji wakaipokea kama msaidizi wao.

Hata hivyo, kwa karne nzima ya 19 kahawa ya Uswidi ilikuwa zaidi ya nyumbani, na mzigo wake ulimwangukia mwanamke. Desturi ya kuwaalika majirani kwa kahawa ilidai biskuti za aina saba mezani. Aliyeandaa pungufu alionekana mchoyo, na aliyezidisha alionekana anajigamba. Kitabu cha mapishi kilichotoka mwaka 1945 kwa jina la Sju sorters kakor, yaani aina saba za biskuti, kimeendelea kuchapishwa tangu hapo, jambo linaloonyesha jinsi sharti hilo lilivyokita mizizi. Kutokana na hali hiyo mtu anaweza kuelewa maana ya konditori, neno la Kiswidi la duka la keki lenye meza za kukalia: kwa mara ya kwanza mwanamke wa mjini aliweza kukaa na wenzake kwa heshima, mahali pasipo na pombe, akala kilichookwa na mikono isiyo yake. Konditori ya zamani kuliko zote zilizobaki Stockholm, ile ya Sundbergs katika uwanja wa Järntorget kwenye mji wa kale, inahesabu miaka yake tangu 1785. Iliyo mashuhuri zaidi pengine ni Vete-Katten ya barabara ya Kungsgatan, iliyofunguliwa mwaka 1928 na Ester Nordhammar, mwanamke ambaye kwa miaka mingi aliajiri wanawake watupu katika fani iliyoshikwa na wanaume. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno, kwani kwa Kiswidi ni msemo wa mtu asiyejua jibu, kana kwamba anasema paka ndiye anayejua, na wakati huohuo neno vete ni ngano.

Anayetoka katika utamaduni wa pwani ataona upesi kwamba konditori ni ndugu wa baraza, na ataona pia mahali wanapotofautiana. Baraza ni kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, kama kilivyo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mitaa ya kale ya Mombasa, na kama yalivyo madaka ya Lamu, ambayo ni kumbi ndogo za mlangoni zenye viti vya mawe pande mbili. Kwa umiliki ni mali ya mwenye nyumba, na kwa desturi ni ya kila apitaye. Muuza kahawa huwafuata watu hapo na dele lake, birika refu la shaba lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe vidogo visivyo na mkono ili ajulikane anakuja, na humimina kahawa chungu inayonywewa pamoja na kashata. Kona ya Zanzibar iitwayo Jaws Corner imekuwa mashuhuri kwa mijadala ya siasa inayoendeshwa juu ya vikombe kama hivyo, ingawa ni lazima ikubaliwe kwamba baraza la kahawa limekuwa zaidi la wanaume, na kwa upande huo konditori ilitenda haki ambayo baraza halikuitenda.

Tofauti kubwa imo katika gharama. Kiti cha Mji Mkongwe kilijengwa mara moja, kwa mawe na chokaa, na tangu hapo hakijadaiwa kodi na yeyote. Bei ya kikombe cha muuza kahawa ni bei ya kahawa, makaa na miguu yake. Stockholm ni mji wa visiwa 14 ambao mwezi wa Desemba hupata mwanga wa jua kwa takribani saa sita tu kwa siku, na kwa hiyo baraza lake halina budi kuwa ndani, chini ya paa, nyuma ya kioo, likiwa na taa na joto, na kila futi ya sakafu yake hulipiwa kodi kila mwezi katika jiji lenye kodi kubwa. Kiti kinacholipiwa kodi hakiwezi kuwa bure, na kwa kuwa hakuna anayeuza kiti waziwazi, gharama yake huingizwa ndani ya kikombe. Kikombe ndicho risiti ya kukaa. Mkahawa mdogo, kwa maneno mengine, ni baraza lililolazimishwa na baridi kuwa biashara, na matatizo yake yote yanatokana na kwamba kazi yake ni ya kijamii ilhali madeni yake ni ya kibiashara.

Namna nzuri ya kuona mvutano huo ni kuangalia desturi iitwayo påtår. Neno hilo lina maana ya kuongezewa kahawa juu ya ile ya kwanza, na kikombe cha tatu nacho kina jina lake, tretår. Katika konditori nyingi za zamani, aliyelipia kahawa ya kuchuja huruhusiwa kurudi mwenyewe kwenye birika na kujaza tena bila malipo. Kwa hesabu ya mfanyabiashara wa kawaida, desturi hii ni hasara mara mbili, kwani inatoa kahawa ya bure na kumfanya mteja azidi kukalia kiti ambacho kingeuzwa kwa mwingine. Lakini hesabu ya mwenye mkahawa mdogo ni ya muda mrefu zaidi: mteja aliyeruhusiwa kukaa atarudi kesho, na atarudi na mwenzake. Waswahili walilisema hilo zamani kwamba mgeni aje mwenyeji apone, na hakuna biashara inayouthibitisha usemi huo kila siku kama mkahawa unaoishi kwa wale wanaofika.

Sehemu nyingine ya kodi ya kiti hulipwa usiku, na mwokaji. Kitafunwa kinachoandamana na kahawa ya Stockholm ni bulle, mkate mdogo mtamu uliosokotwa, wenye mdalasini au iliki, na unatakiwa uwe wa moto au angalau wa asubuhi hiyo, kwa hiyo tanuri la bekari lazima liwashwe watu wengine wakiwa wamelala. Iliki hasa inafaa kutajwa. Sehemu kubwa ya Ulaya huitumia kwa nadra, lakini watu wa Skandinavia huitwanga na kuitia katika unga wa mkate mtamu, kama vile mpishi wa pwani anavyoitia katika mahamri pamoja na tui la nazi, na harufu inayotoka katika bekari ya mtaa wa Södermalm alfajiri haina tofauti kubwa na ile ya jiko la Mombasa mwezi wa Ramadhani. Tangu mwaka 1999 tarehe 4 Oktoba imetengwa kuwa siku ya mkate wa mdalasini, kwa juhudi za baraza la uokaji wa nyumbani lililoungwa mkono na watengenezaji wa unga, hamira na sukari. Siku hiyo huleta foleni, lakini heshima ya mwokaji inajengwa na siku nyingine zote za mwaka, anapokanda, kuumua na kusokota kwa mkono kitu ambacho kiwanda kingeweza kukigandisha kwenye barafu na kukisambaza kwa bei ndogo zaidi.

Wapinzani wa mwenye duka mdogo ni minyororo, yaani kampuni zenye matawi mengi yanayofanana kwa rangi, viti na orodha ya bei. Wayne's Coffee ilianza Stockholm mwaka 1994, na Espresso House ilianza katika mji wa chuo kikuu wa Lund mwaka 1996, ikakua mpaka kuwa mnyororo mkubwa kuliko yote katika nchi za Nordiki, na mwaka 2015 ikanunuliwa na JAB, kampuni ya uwekezaji yenye asili ya Ujerumani. Haifai kuidharau minyororo hiyo, kwani yenyewe ilianza kama duka moja, nayo huwapa vijana mahali pa kujisomea hadi usiku. Tatizo ni uwiano wa nguvu. Kampuni yenye mamia ya matawi inaweza kubeba tawi linalopata hasara kwa miaka miwili ili ishike kona nzuri, na mwenye nyumba hupendelea mpangaji wa namna hiyo. Sheria ya Uswidi haimlindi mpangaji wa duka kama inavyomlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi. Kinga yake huitwa kinga isiyo ya moja kwa moja, kwa maana kwamba akikataliwa kuongezewa mkataba bila sababu ya haki anaweza kudai fidia, lakini hawezi kushikilia kubaki. Fidia humfaa mwenye biashara, lakini wale waliokuwa wakikaa pale kila asubuhi hawana wanachofidiwa.

Jambo hilo linaonekana kwa namna ya pekee katika vitongoji vya kaskazini-magharibi mwa jiji, Rinkeby, Tensta na Husby, vilivyojengwa wakati wa mpango wa makazi milioni moja wa 1965 hadi 1974, na ambako leo wanaishi watu wengi wenye asili ya Somalia, Eritrea na Ethiopia, baadhi yao wakizungumza Kiswahili kwa kuwa walipitia Kenya au walizaliwa huko. Waliofika kutoka Pembe ya Afrika walileta utaratibu wao wa kahawa, ambapo buni hukaangwa mbele ya wageni, harufu ikapitishwa kwa kila mmoja, kisha ikatwangwa na kupikwa katika chungu cha udongo, na hunywewa raundi tatu zenye majina. Raundi tatu za Pembe ya Afrika na vikombe vitatu vya Kiswidi havikuambiana, lakini vinasema neno moja, kwamba mgeni asiharakishwe. Katika vitongoji hivyo mkahawa mdogo ni ofisi ya kutafsiriwa barua za serikali, ni ukumbi wa matanga na posa, na ni mahali ambapo mzee asiye na kazi hujulikana kwa jina lake, kwa hiyo unapofungwa hasara yake hupita hesabu ya vikombe.

Inabaki kumtaja mtu ambaye kiti chake hakionekani kabisa mezani, naye ni mkulima. Tangu kampuni ya Johan & Nyström ilipoanzishwa mwaka 2004 na Drop Coffee ya mtaa wa Mariatorget mwaka 2009, Stockholm imekuwa na wakaangaji wanaokaanga buni kwa wepesi, yaani kwa muda mfupi ili uchachu na harufu ya tunda visiungue, na kahawa ya Kenya imepata heshima kubwa katika mtindo huo. Pakiti zao huandikwa mkoa na mara nyingi kiwanda, neno ambalo wakulima wa Nyeri na Kirinyaga hulitumia kwa mtambo wa kumenyea na kuoshea kahawa. Aina ya mbuni inayosifiwa kuliko nyingi ni SL28, iliyochaguliwa mwaka 1935 katika maabara za Scott nchini Kenya kutokana na mibuni iliyovumilia ukame, ambayo mbegu zake zilichukuliwa Tanganyika, katika wilaya ya Monduli, mwaka 1931. Ladha ambayo mnywaji wa Stockholm huilinganisha na matunda ya misitu ya kwao, kwa hiyo, ina asili yake katika ardhi ya Wamaasai.

Hesabu ya kikombe chenyewe inafundisha. Mwezi Februari 2025, baada ya ukame nchini Brazili, bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, ambayo ni chini kidogo ya nusu kilo, nayo ilikuwa bei kubwa isiyowahi kuonekana. Hata kwa bei hiyo, kilo moja ya buni haikufikia dola 10, na kilo hiyo ikishakaangwa hutoa vikombe zaidi ya 50. Kwa hiyo buni iliyomo katika kikombe kimoja ilikuwa na thamani ya chini ya senti 20 za dola, katika mji ambao kikombe kimoja mara nyingi huuzwa kwa zaidi ya dola 3. Zinazobaki ni mishahara, kodi ya serikali, maziwa, umeme na ile kodi ya sakafu. Si haki kumlaumu mwenye mkahawa kwa hilo, kwani mara nyingi yeye mwenyewe hubakiwa na kidogo, na wakaangaji wadogo ndio walio tayari zaidi kulipa juu ya bei ya soko. Lakini ukweli unabaki kwamba katika kikombe cha Stockholm kiti kina thamani kubwa kuliko kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliounda chama chao mwaka 1925, kikazaa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU mwaka 1933, walipigania sehemu kubwa zaidi ya thamani hiyo, na hoja yao haijazeeka. Kwa Wahaya wa Bukoba, kabla kahawa haijawa zao la kuuza nje, mgeni aliyefika alipewa punje zilizochemshwa na kukaushwa ili azitafune pamoja na mwenyeji wake. Hapo bei ya kahawa na bei ya kiti zilikuwa kitu kimoja, na zote mbili zililipwa na ukarimu.

Hukumu inayotokana na tafakari hii ni nyepesi kuitamka. Mkahawa mdogo ni taasisi ya umma inayoendeshwa kwa fedha za mtu binafsi, na mji unaoutaka lazima ushiriki kuubeba, kwa mikataba ya kodi inayompa mpangaji haki ya kubaki, na kwa kutenga maduka ya chini katika majengo mapya kwa wenye biashara ndogo. Miji ya Afrika Mashariki ina bahati ambayo Stockholm haina, kwani hali ya hewa yake inaruhusu kiti kuwa nje na kuwa bure, lakini bahati hiyo inapotezwa kila nyumba ya zamani inapobomolewa na jengo jipya kuinuliwa bila baraza, na kila muuza kahawa anapofukuzwa kando ya barabara kwa jina la usafi wa mji. Wenye kupanga miji na waliandike baraza katika ramani zao kama wanavyoandika barabara na mifereji. Na msomaji ambaye mtaani kwake bado ipo kona ya kahawa, au bekari inayowasha tanuri kabla ya alfajiri, aende akakae hapo leo, anunue kikombe na mkate, na amlipe muuzaji bei kamili bila kubishana.